Risiva ya kizamani ya kusukuma hedifoni: Pioneer SX-450, Marantz 2245 au hii Sansui ya Dar? Nipo Dodoma

Mpangaji_AreaC

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijatoa hela maana hela yenyewe ni ya upatu, nimepokea juzi na mama watoto ananiangalia kwa jicho la pembeni. Nakaa Area C, nyumba ya kupanga, ukuta wenyewe ni ule jirani akikohoa mi naitikia pole. Sabufa nilishauza baada ya mwenye nyumba kuniita kikao mara ya tatu, kwaiyo sasaivi mziki nasikiliza usiku kwa hedifoni watoto wakishalala.

Hedifoni ninazo mbili. Moja Beyerdynamic DT 990 Pro imeandikwa omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), niliachiwa na jamaa wa kazini alivyohamishwa. Ya pili Audio-Technica ATH-M50x. Shida ni iyo ya 250, nikiichomeka kwenye simu inaimba kama mtu yupo ndani ya mtungi, volyumu ipo mwisho kabisa na bado unahisi inataka kuja haiji.

Afu kuna ugonjwa mwingine, mi toka mdogo napenda zile redio kubwa za zamani, uso wa fedha, swichi za chuma zinazolia tak, taa inawaka nyuma ya mstari wa stesheni. Baba mdogo alikuwa nayo Kondoa, hatukuruhusiwa kuigusa, ilikuwa inafunikwa kitambaa cha kufuma kama biharusi.

Nimezunguka wiki mbili nimepata tatu. Pioneer SX-450 ipo kwa fundi mmoja Majengo, anataka laki tatu. Marantz 2245 ya mzee mmoja kule Kikuyu, laki nane na hashuki, ukimwambia apunguze anakunywa chai anakuangalia tu. Ya tatu Sansui, modeli siioni vizuri, ipo Dar, muuzaji kanitumia picha, laki na nusu tu, nyuma imeandikwa 100V na maandishi ya kijapani. Zote zina lile tundu nene la hedifoni. Sasa ipi itasukuma hizi hedifoni vizuri, na je zile wati nyingi za Marantz zina faida kwenye hedifoni au nitakuwa nimelipia taa ya bluu?

Singida_Kati

Mkuu risiva za kizamani achana nazo hazifungui chaneli siku hizi, chukua mpya na dishi la futi sita upate mpira.

Mpangaji_AreaC

Hahaha mkuu sio risiva ya dishi. Ni redio na amplifaya kwenye sanduku moja, unafunga spika nyuma, hedifoni mbele.

Singida_Kati

Aah kumbe redio. Sema redio basi. Endeleeni.

NgojaWaje

Ngoja wataalam waje, mi nimekaa siti ya dirishani.

Zabibu_Chungu

Mi nitakuwa yule mtu mbaya wa huu uzi. Mkuu kama lengo ni hedifoni tu, hizo redio zote tatu usinunue. Kuna vidude vidogo vya kuchomeka kwenye simu, vya FiiO na wengine, unachomeka upande mmoja Type-C upande wa pili hedifoni, vingine ni vya kukaa mezani saizi ya sabuni ya kufulia. Vinasukuma 250 omu bila jasho, havina mvumo, havili umeme, fundi humhitaji. Redio ya miaka karibu 50 unanunua na magonjwa yake yote, leo upande wa kushoto umekufa, kesho volyumu inakwaruza, keshokutwa taa. Nina jamaa yangu kanunua moja mtumba kila mwezi yupo kwa fundi, ile hela aliyotumia angepata kiwanja Ihumwa (natania ila sio sana).

Mtumba_Express

We Zabibu ukisema mtumba sisi tunaokaa Mtumba, ule mji wa serikali hapa Dodoma, tunashtuka.

FundiMzee_Chamwino

Vijana hamjambo. Nimetengeneza hizi redio toka nikiwa na nywele, naomba niongee kidogo na nitaanza na ile Sansui kwa sababu iyo ndo itakayokuumiza.

Hapo nyuma pameandikwa 100V. Iyo ilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, umeme wao ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani hivi hivi transfoma inapokea zaidi ya mara mbili ya inachostahili, fyuzi ikiwahi kukatika umshukuru Mungu, isipowahi utasikia kapasita zinalia kama bisi na nyumba inanuka samaki. Nimeletewa za namna hii nyingi tu, mtu kauziwa dukani kaambiwa "chomeka tu mzee", kachomeka.

Utasema nitanunua stepidauni, ile transfoma ya kushusha umeme. Sawa, ila nyingi zinazouzwa madukani zinatoa 110, sio 100, kwaiyo redio itakuwa inapata joto kila siku ya maisha yake, na umeme ukipanda kidogo nayo inapanda. Iliyo sahihi ya 100 ipo ila itafute kwa tochi. Na bado kuna jambo la pili ambalo muuzaji hatakwambia: FM ya Japani enzi zile ilikuwa inaanzia 76 inaishia 90. Ya kwetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Maana yake kwenye iyo redio utapata kipande kidogo cha mwanzo tu, stesheni zote za juu ya 90 hazimo, mstari umeisha. Utakuwa na redio nzuri isiyokamata redio.

Kwaiyo Sansui ya Dar iache, hata akikupa kwa laki. Tena vitu vinavyotoka pwani angalia kutu, chumvi ya bahari inakula miguu ya transista mpaka unaishika inabaki mkononi. Huku kwetu adui ni vumbi, vumbi la Dodoma linaingia kwenye volyumu, kwenye swichi, kila mahali, ila vumbi linasafishika. Kutu haisafishiki.

Mpangaji_AreaC

Daah mzee shikamoo, umeniokoa laki na nusu. Nlikuwa nishamwambia jamaa aiweke kwenye basi.

Sasa zimebaki mbili. SX-450 na Marantz.

dada_wa_miksa

Habari kaka, mi kazi yangu ni sauti, nakaa kwenye miksa kanisani na kwenye maharusi, na nyumbani natumia redio ya zamani hivyo hivyo kwa hedifoni kwaiyo sikucheki 😄 Ngoja nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu lile tundu la mbele.

Kwenye hizi risiva za miaka ya 70 hakuna amplifaya ya hedifoni mle ndani. Hakuna. Wanachofanya wanachukua ule ule umeme wa kwenda kwenye spika, wanaupitisha kwenye risista (kile kipande cha kuzuia umeme) moja kubwa kila upande, kisha tundu la hedifoni. Risista zenyewe zinatofautiana redio na redio, mara nyingi utakuta omu 220, 330, mpaka 470. Basi. Ndo siri yote. Na hapo ndo majibu ya maswali yako yote mawili yalipo.

Swali la wati kwanza. SX-450 ni wati 15 kila upande, Marantz 2245 ni wati 45 (Marantz wa enzi zile namba mbili za mwisho ndo wati, 2230 ni 30, 2270 ni 70, rahisi kukumbuka). Wati 15 kwenye spika ya omu 8 ni kama volti 11. Tuchukulie risista ni 330. Volti 11 zinagawanywa kati ya risista na hedifoni yako ya 250, hedifoni inabaki na kama volti 4.7, hizo ni karibu miliwati 90. DT 990 ya omu 250 kwa miliwati 1 tu inatoa desibeli 96, kwa miliwati 90 inafika 115 hivi. Kaka desibeli 115 sikioni ni mashine ya kusaga ipo ndani ya kichwa. Linganisha na simu yako, simu nyingi zinatoa kati ya nusu volti na volti 1, ndo maana unasikia mtu wa kwenye mtungi.

Sasa Marantz. Wati 45 ni volti 19, hedifoni inapata kama 8, miliwati 270, desibeli 120. Kwaiyo laki tano za ziada zinakununulia desibeli 5 ambazo ukizitumia utakuwa kiziwi, na hata iyo hedifoni kiwandani wamesema mwisho wake miliwati 100. Marantz ni redio nzuri, lile gurudumu la kulala la kutafutia stesheni ukilizungusha kwa kidole tu unaelewa kwanini mzee anakunywa chai. Ila kwa hedifoni wati sio kitu. Umepatia mwenyewe, ni taa ya bluu.

Swali la hedifoni ipi itafaidi. Hapa ndo omu zina kazi. Hedifoni za enzi zile zilikuwa na omu kubwa, Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968 ilikuwa omu 2000, elfu mbili! Risista ya 330 mbele yake ni kama hamna. Kisha ikaja Walkman mwaka 1979, hedifoni zikaanza kutengenezwa nyepesi za kuendeshwa na betri, omu zikashuka mpaka 32, 16. Kwaiyo DT 990 yako ya 250 na hizi redio ni watu wa kijiji kimoja, wanaelewana. M50x ni omu 38, huyo ni mtoto wa mjini. Sauti atapata, hesabu inatoa miliwati 33 hivi ambazo ni nyingi tu, ila risista ya 330 mbele ya omu 38 inaifanya amplifaya isiweze kukishika kile kiwambo cha ndani, besi inaweza kulegea. Kiasi gani inategemea hedifoni yenyewe, isikilize kwa sikio lako usikariri maneno yangu.

Na vile vi-iafoni vya kuingiza ndani ya sikio, hasa vyenye spika nyingi ndani, usivichomeke huko kabisa, sauti inapinda inakuwa ya mtu mwingine.

Zabibu_Chungu

Dada hesabu zako safi ila umethibitisha nilichosema, kidude cha mezani omu za tundu lake lenyewe ni karibu na 0, hakina huo ugomvi wa risista, M50x na DT 990 zote zinaimba sawa.

dada_wa_miksa

Ni kweli na sikatai, kwa usafi wa sauti kidude kinashinda, bei nayo kinashinda. Ila huyu kaka kasema ana ugonjwa wa baba mdogo. Kidude hakitibu huo ugonjwa. Tena kidude hakina FM, hakina kitasa cha besi, hakina ile swichi ya loudness ambayo usiku ukisikiliza chinichini inarudisha besi na treble zinazopotea.

Afu kuna kitu kimoja watu wengi wanakipenda bila kujua kinatoka wapi. Chukua hedifoni ya Sennheiser HD 600, imeandikwa omu 300 ila kwenye masafa ya besi inapanda mpaka zaidi ya 500. Kwenye kidude chako iyo haina athari, kwenye redio yenye risista 330 besi inapanda kama desibeli 2 na kidogo. Watu wanasema "aah redio za zamani zina sauti ya joto". Joto ni risista ya shilingi mia.

NgojaWaje

"Joto ni risista ya shilingi mia" 😂😂 nimetoka siti ya dirishani nimekaa kwa dereva.

FundiMzee_Chamwino

Binti umeongea vizuri sana, ulisomea wapi haya. Mi hesabu sikusoma ila risista hizo nimezishika kwa mkono, zinakuwa kubwa kubwa karibu na tundu, ukiiwasha kwa muda mrefu sauti kubwa zinapata moto.

Sasa wewe wa Area C, ukienda Majengo kuiona iyo Pioneer usiende mikono mitupu. Beba hedifoni zote mbili, beba adapta ya kutoka tundu dogo kwenda nene, beba waya wenye pini nyekundu na nyeupe upande mmoja na jeki ya simu upande wa pili. Kama una multimeta (kile kipimo cha umeme) beba, kama huna fundi anayo, akikwambia hana basi huyo sio fundi.

Kabla haijachomwa ukutani geuza uangalie nyuma imeandikwa volti ngapi. Kuna Pioneer za kwenda nje zina kibati cha kuchagua volti, kuna zilizotoka Marekani ni 120 peke yake, hizo utarudi kwenye hadithi ya stepidauni. Mwambie aiwashe kupitia balbu, mafundi wote wa zamani tuna balbu ya wati 60 au 100 ya kizamani ile ya nyuzi, imefungwa mfululizo na redio. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, redio ina afya. Ikibaki inang'aa kama jua la mchana hapa Dodoma, kuna kitu kimeungua ndani, aga uondoke.

Ikiwa imekaa kama dakika 10 imewaka, volyumu chini kabisa, spika hazijafungwa, weka multimeta kwenye DC milivolti upime pale pa kufungia spika, kushoto kisha kulia. Chini ya 50 ni salama. Ikipita 100 kuna transista inaelekea kaburini, punguza bei au acha. Pale mwanzo inaweza kuruka ruka, usiogope, subiri itulie.

Kisha zungusha kila kitu. Volyumu, besi, treble, balansi, zungusha taratibu ukiwa umevaa hedifoni. Kukwaruza sio ugonjwa ni vumbi, spray ya kusafishia inaondoa. Upande mmoja kupotea potea mara nyingi ni swichi chafu. Mvumo wa "mmmmm" usiobadilika hata ukiweka volyumu sifuri, hizo ni kapasita kubwa za pawa zimekauka, zinabadilishika lakini iwe kwenye bei.

Na simu usichomeke PHONO. Narudia, sio PHONO. Iyo ni ya santuri, ina nguvu nyingi ndani na inabadilisha besi, utasikia kelele zilizokatika katika uje hapa useme redio mbovu. Chomeka AUX, au TAPE pale pa kuchezea.

Mpangaji_AreaC

Mzee nimeandika yote kwenye karatasi. Jumamosi naenda. Swali la kijinga, je naweza kufunga hedifoni moja kwa moja kule nyuma kwenye spika ili nikwepe iyo risista?

FundiMzee_Chamwino

Hapana mwanangu. Kwanza mkono ukiteleza kwenye volyumu hedifoni imekwenda na sikio limekwenda. Kuna mtu aliniletea hedifoni ya bei mbaya iliyofungwa hivyo, koili zilikuwa zimeyeyuka. Tumia tundu, liliwekwa kwa sababu.

dada_wa_miksa

Zipo hedifoni chache ngumu kusukuma watu huzifunga kule kwenye spika makusudi, HiFiMan HE-6 mojawapo, ila hizo zako hazihitaji. Na kila ukichomeka hedifoni anza na volyumu chini, kisha zima swichi ya SPEAKERS zote, A na B, maana kwenye hizi redio kuchomeka hedifoni mara nyingi hakunyamazishi spika.

Mpangaji_AreaC

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani uzi mrefu.

Jumamosi nimefika Majengo saa nne asubuhi, fundi yupo anakunywa supu. Nimegeuza redio, nyuma kuna kibati cha kuchagua 110, 120, 220, 240, ilikuwa imekaa 220. Nikamwambia balbu, akaniangalia kama "huyu katoka wapi" kisha akaitoa chini ya meza, kumbe anayo. Ikawaka, ikafifia. Tukasubiri. Multimeta kushoto milivolti 12, kulia 27. Hapo moyo ukatulia.

Nikafunga spika zake za hapo kibandani, zote mbili zinaimba. Nikachomeka DT 990, upande wa kushoto unaimba, kulia kimya. Kimya kabisa. Fundi akaanza "hedifoni yako mbovu", nikavaa M50x, nayo kulia kimya. Nikamwambia mzee hedifoni mbili haziwezi kufa upande mmoja siku moja. Akacheka, akaleta spray akapuliza ndani ya tundu, akachomeka na kuchomoa kama mara ishirini, kulia ikaja inakwaruza kisha ikasafika. Anasema hakuna mtu aliyechomeka kitu hapo toka aipokee, chuma cha ndani ya tundu kilikuwa kimefanya weusi. Nimetumia hapo hapo kushusha bei, tumeanzia laki tatu tumeishia laki mbili na arobaini na spray kaniachia kopo lililobaki nusu.

Nyumbani nikasubiri watoto walale. DT 990, volyumu ipo saa tatu na tayari inatosha...

Singida_Kati

Saa tatu ya kiswahili au ya ukutani?

Mpangaji_AreaC

Mshale umeelekea kushoto mkuu, pale palipoandikwa 9 ukutani 😂 Yaani robo tu ya njia. Jamani sauti. Nimeweka ngoma za Kigogo nilizorekodi kwa simu kwenye harusi ya binamu, zeze linakuja kutoka pembeni kabisa, nasikia mpaka mkono wa yule mzee unavyosogea kwenye uzi. Nimekaa mpaka saa nane usiku. FM nayo imekamata kwa waya wa futi tatu tu niliouning'iniza dirishani.

M50x sasa. Dada alisema kweli, sauti ipo kubwa ila besi inaburuza miguu, kwenye simu ilikuwa inapiga na kuondoka, huku inapiga inakaa inaaga ndo inaondoka. Je kuna namna?

Zabibu_Chungu

Namna ni kidude 😎 Ila hongera mkuu, iyo bei umewaweza.

FundiMzee_Chamwino

Hongera sana. Kwanza zima, chomoa ukutani, peleka kile kibati kwenye 240. Umeme wetu ni 230 na usiku unaweza kupanda, bora redio ione njaa kidogo kuliko kushiba kupita.

Besi ya M50x inatibika. Mwambie fundi afunge risista ya omu 33 ya wati 2 kila upande, sio kwenye njia, aifunge kutoka pini ya sauti ya tundu kwenda kwenye graundi, yaani sambamba na hedifoni. Ile ya zamani ya 330 asiitoe. Kazi ya dakika ishirini.

dada_wa_miksa

Nathibitisha hesabu ya fundi. 330 na 33 zikikaa hivyo, hedifoni inaona kama omu 30 badala ya 330. Bado kwa M50x sio sifuri ila tofauti utaisikia. Gharama yake ni kwamba sauti ya juu kabisa inashuka, tundu litakuwa linatoa kama volti 1 redio ikiwa mwisho. Kwa M50x ni nyingi bado. Kwa DT 990 utarudi karibu na kwenye mtungi! Kwaiyo mwambie aweke na kiswichi kidogo nyuma, cha kuiingiza na kuitoa iyo 33. Ukivaa Beyer unaitoa, ukivaa M50x unaiingiza.

Ila kabla hajafunga apime kwanza risista ya ndani ni ngapi kweli, mi 330 nilikadiria tu. Mchoro wa SX-450 upo mtandaoni, auangalie.

Mpangaji_AreaC

Sawa kabisa, Jumatano nampelekea. Mwenye nyumba kanigongea leo asubuhi tena, nikajua redio, kumbe anasema jana usiku nilikuwa naimba kwa sauti. Hedifoni ikiwa kichwani mtu hujisikii.

NgojaWaje

😂😂😂 sasa na wewe ufungiwe risista.

FundiMzee_Chamwino

Ukienda kununua iyo ya 33 angalia rangi mwenyewe, ni machungwa, machungwa, nyeusi. Wakikupa machungwa, machungwa, kahawia iyo ni 330, rudisha. Na redio usiipeleke kwa bodaboda, ishike mapajani kwenye daladala.